Herufi za Mfano wa Mkono: Asili ya Comic Sans na Ugomvi Wake

Neno lililoandikwa halimjii msomaji likiwa tupu. Huja limevaa vazi, na vazi hilo ni sura ya herufi. Kabla jicho halijafahamu maana ya neno la kwanza katika waraka wa mahakama, au katika kadi ya arusi, au katika kitabu cha mtoto, limekwisha kupokea salamu: hapa pana heshima, hapa pana furaha, hapa pana mchezo. Mafundi wa kupiga chapa wamelijua jambo hili kwa zaidi ya miaka mia tano na hamsini, na sehemu kubwa ya ustadi wao imetumika katika kulipatia kila neno vazi linalolistahili.

Miongoni mwa mavazi hayo ni machache mno yaliyopendwa na umma na kudharauliwa na mafundi kwa kadiri iliyozipata herufi ziitwazo Comic Sans. Zilichorwa Marekani mwaka 1994 na Vincent Connare, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya Microsoft. Ni herufi za mviringo, zenye mfano wa mwandiko wa mkono, kana kwamba zimeandikwa kwa kalamu butu na mtu asiye na haraka wala hofu. Zilikusudiwa kazi moja ndogo ya mzaha, zikachelewa kuifanya, kisha zikaenea duniani zikafanya kazi ambazo mchoraji wake hakuziwaza. Zimepata wapenzi, zimepata watani, zimepata na maadui waliotaka zipigwe marufuku. Je, kosa linalotajwa ni la herufi zenyewe, au ni la mahali zilipopelekwa, au ni la watu waliothubutu kuzichagua? Jibu halipatikani kwa kuzitazama herufi hizo peke yake. Sharti kwanza ijulikane desturi ya zamani ambayo Comic Sans ni mtoto wake wa mwisho mwisho, nayo ni desturi ya chapa kuiga mkono.

Kiswahili kina neno linalofaa kuanzia uchunguzi huu. Neno hilo ni hati. Kwa maana iliyokuja nalo kutoka katika Kiarabu, hati ni mwandiko: mtu husifiwa kuwa hati yake nzuri, au hulaumiwa kuwa hati yake haisomeki. Lakini hati vilevile ni waraka wenye nguvu ya sheria, kama hati ya nyumba au hati ya shamba. Si ajabu maana hizi mbili kukaa katika neno moja. Waraka uliaminiwa kwa sababu mkono uliouandika ulijulikana. Mwandiko ulikuwa ushahidi kwamba mtu fulani alikuwapo, akasema neno lake. Chapa ilipokuja ilileta wingi, wepesi na usawa, lakini ilimficha mtu huyo. Historia ya herufi za mfano wa mkono ni historia ya juhudi za kumrudisha katika karatasi iliyotoka mtamboni.

Wapiga chapa wa kwanza hawakudhani kwamba wameuacha mkono. Johann Gutenberg wa mji wa Mainz, Ujerumani, alipoimaliza Biblia yake karibu na mwaka 1455, alikuwa amefuata hati nzito nyeusi ya waandishi wa vitabu vya dini. Alfabeti ya Kilatini ina herufi chache, lakini Gutenberg alitengeneza herufi na alama zipatazo 290. Maana mwandishi wa mkono huunganisha herufi, hufupisha maneno, hubana na kupanua ili mstari ujae sawasawa, na fundi huyu alitaka risasi yake iweze kufanya hayo yote. Basi chapa ilianza kwa kuiga, wala haikuona haya kuiga.

Kizazi kilichofuata kiliiga hati nyingine. Huko Venice, mpiga chapa Aldus Manutius alimtumia mchonga herufi hodari, Francesco Griffo wa Bologna, achonge herufi zilizolala upande kwa mfano wa mwandiko wa haraka wa wataalamu wa Italia. Mwaka 1501 kilitoka kitabu kizima kwa herufi hizo, mashairi ya Virgil, katika umbo dogo la kushikika mkononi. Serikali ya Venice ilimpa Aldus haki ya kuzitumia peke yake; lakini wapiga chapa wa Lyon, Ufaransa, waliziiga bila kujali, na Griffo mwenyewe alikosana na bwana wake akaondoka. Herufi hizo ndizo ziitwazo italiki. Zilizaliwa kubeba kitabu kizima. Leo kazi yake kubwa ni kutia mkazo katika neno moja ndani ya ukurasa wa herufi wima, au kuonyesha jina la kitabu. Hapa pana funzo la kwanza, ambalo litahitajiwa baadaye: herufi hubuniwa kwa kazi moja, na watu wakaipa kazi nyingine, wala mchongaji hana uwezo wa kuwazuia.

Mfano ulio mkubwa zaidi ni wa Robert Granjon. Mwaka 1557, huko Lyon, fundi huyu alitoa kitabu kilichopigwa chapa kwa herufi alizozichonga kwa mfano wa mwandiko wa kila siku wa Wafaransa. Nia yake haikuwa mchezo. Aliona kwamba mataifa mengine yana herufi zao, naye akataka Wafaransa wawe na zao wenyewe, zilizotoka katika mikono yao, badala ya kuazima za Waitalia. Kazi yake ilikuwa ngumu kuliko inavyoonekana. Herufi ya risasi ni kijiti chenye pande nne, kilichomiminwa katika kalibu, kikasimama mbali na wenzake. Mwandiko ni mto upitao bila kukatika. Kuufanya mto upite juu ya vijiti kulitaka herufi nyingi za ziada, nyingine za kuanzia neno, nyingine za kumalizia, nyingine zilizoungana mbili mbili.

Herufi za Granjon hazikuwa herufi za taifa. Italiki na herufi wima zilikwisha kuota mizizi, na kusoma ukurasa mzima wa mwandiko wa risasi kulichosha macho. Lakini zilipata maskani pengine. Erasmus alikuwa ametoa mwaka 1530 kitabu kidogo cha Kilatini cha kuwafundisha watoto adabu, na tafsiri zake za Kifaransa zilianza kupigwa chapa kwa herufi za namna ya Granjon, ili mtoto ajifunze mambo mawili kwa pamoja: mwenendo mwema, na kuusoma mwandiko wa watu wazima. Desturi hiyo ilidumu hata karne ya kumi na tisa, na kwa ajili yake herufi hizo zikaitwa Civilité, yaani adabu. Kwa hiyo herufi zilizochongwa kuwa fahari ya ufalme zilimaliza siku zake katika mikono ya watoto. Zile za Connare, kama itakavyoonekana, zilikwenda safari kinyume cha hiyo.

Baada ya Granjon, mfano wa mkono haukukatika, lakini ulisogezwa pembeni. Kitabu kilipigwa chapa kwa herufi tulivu. Mwandiko ukaachiwa kadi za mwaliko na, zamani za biashara kubwa zilipofika, matangazo. Katika karne ya ishirini biashara iliuhitaji mkono kwa sababu ile ile iliyotajwa katika neno hati: ilitaka kusema na mnunuzi kama mtu asemavyo na mtu. Mwaka 1942 kampuni ya American Type Founders ilitoa Brush Script ya Robert E. Smith, iliyofuata mwendo wa brashi ya mchora mabango. Mwaka 1953 Roger Excoffon, mchoraji wa kiwanda cha Fonderie Olive mjini Marseille, alitoa Mistral, iliyopewa jina la upepo mkali wa kusini ya Ufaransa. Mistral ilitokana na mwandiko wake mwenyewe, na ustadi wake ulikuwa katika kuzipanga ncha za herufi hata ikafika ya kwanza inapokoma ndipo ya pili inapoanzia, mto ukapita juu ya vijiti bila mshono kuonekana. Herufi za namna hii zilipendeza katika dirisha la duka na katika jalada. Hakuna aliyezilaumu, kwa kuwa hazikutoka nje ya mipaka yake. Na hazikutoka nje kwa sababu mlango wake ulikuwa na bawabu. Herufi za risasi zilinunuliwa kwa fedha nyingi, zikakaa katika makasha ya mpiga chapa, na mtu wa kawaida aliyetaka tangazo hakuchagua ila katika yale aliyoonyeshwa na fundi.

Mafundi hao walikuwa na itikadi yao. Mzaliwa wa Marekani, Beatrice Warde, aliieleza vizuri katika hotuba yake ya mwaka 1930 mjini London, alipofananisha chapa njema na bilauri ya kioo safi: mnywaji aone kinywaji, asione chombo. Kwa itikadi hiyo herufi bora ni ile isiyojitaja. Lakini herufi za mfano wa mkono hujitaja. Ndiyo kazi yake. Ugomvi ulikuwa umekwisha kupandwa, ukangoja mvua.

Mvua hiyo ilinyesha kutoka upande usiotazamiwa, upande wa vitabu vya katuni. Katika vitabu hivyo mchoraji huzungusha maneno ya kila msemaji ndani ya kiputo kilicho karibu na kinywa chake. Maneno hayo kwa muda mrefu yaliandikwa kwa mkono, aghalabu kwa herufi kubwa tupu, kwa kuwa herufi kubwa hazina mikia ya kushuka wala shingo za kupanda, na mistari yake yaweza kukaribiana katika nafasi ndogo. Mwandiko wa kiputo hauna fahari: unatakiwa usomeke upesi na uwe wa ukoo mmoja na picha iliyo chini yake. Mwaka 1986 vilianza kutoka Marekani vitabu viwili vilivyoipa kazi hiyo heshima mpya: The Dark Knight Returns cha Frank Miller, ambacho maneno yake yaliandikwa na John Costanza, na Watchmen cha Alan Moore, kilichochorwa na kuandikwa maneno yake na Dave Gibbons. Vitabu hivyo vilikuwa katika chumba cha kazi cha Vincent Connare.

Connare alizaliwa Boston mwaka 1960, na Microsoft alikuwa fundi wa kuzitengeneza herufi zisomeke vema katika kompyuta. Mwaka 1994 aliletewa programu iliyokuwa bado katika majaribio, iitwayo Microsoft Bob. Ilikusudiwa watu wasioizoea kompyuta: badala ya orodha za amri, mtumiaji aliona picha ya nyumba yenye vyumba, na mbwa aitwaye Rover akamwongoza kwa maneno yaliyotokea katika kiputo. Lakini maneno ya mbwa huyo yaliandikwa kwa Times New Roman, herufi zilizotengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, nalo likaanza kuzitumia mwaka 1932. Connare aliona kioja. Mbwa wa katuni hasemi kwa sauti ya mhariri wa gazeti la wakuu. Akavitazama vitabu vyake vya katuni, akaanza kuchora juu ya kioo cha kompyuta kwa kipanya, bila kunakili mwandiko wa mtu yeyote, ila akifuata roho yake. Hapo mwanzo akaziita Comic Book. Baadaye jina likawa Comic Sans.

Yafaa kulipima tendo hili vizuri, maana katika tendo hili ndimo ilimo hukumu ya mambo yote yaliyofuata. Connare hakusema kwamba Times New Roman ni mbaya, wala kwamba herufi zake ni bora. Alisema tu kwamba vazi halikulingana na mvaaji. Waswahili husema, kila chombo kwa wimbile. Hoja iliyoizaa Comic Sans ni ile ile ambayo maadui wake waliitumia baadaye kutaka kuiua.

Herufi hizo hazikuwahi kazi iliyozizaa. Zilikuwa pana kidogo kuliko Times New Roman, na vipimo vya viputo na kurasa vilikuwa vimekwisha kukatwa. Kwa hiyo Bob ilitolewa mwezi wa Machi 1995 bila hizo, na haukupita muda mrefu programu yenyewe ikaachwa. Mbwa alikufa, sauti yake ikabaki. Comic Sans ikatumiwa katika 3D Movie Maker, programu ya watoto kutengenezea filamu, ikatiwa katika nyongeza iliyouzwa pamoja na Windows 95 mwezi wa Agosti 1995, kisha ikaingizwa katika Windows yenyewe. Kuanzia mwaka 1996 Microsoft iliitoa bure katika fungu la herufi za kutumiwa katika mtandao. Mahali popote ulimwenguni ilipofika kompyuta ya Windows, herufi hizi zilifika ndani yake bila kuagizwa; shule na ofisi za Afrika Mashariki zilizipokea kwa njia hiyo hiyo.

Watu wengi walizichagua, na uchaguzi wao haukuwa wa kijinga. Orodha ya herufi waliyofunguliwa ilikuwa fupi, na karibu zote zilikuwa na sura ya ofisi. Mwalimu aliyetaka kumwandikia mtoto alikuta humo aina moja tu inayotabasamu. Zaidi ya hayo, Comic Sans ilisomeka. Vioo vya kompyuta vya siku hizo vilikuwa na vitone vikubwa na vichache, na sehemu nyembamba za herufi za vitabu zilivunjika juu yake; Connare, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuviongoza vitone hivyo, alizipa herufi zake unene ulio karibu sawa kila mahali, hata zikasimama imara. Herufi ndogo ya a ni ya duara na kijiti, kama mtoto afundishwavyo kuiandika, si ile yenye kichwa kilichopinda iliyozoewa vitabuni. Herufi kubwa ya I ina vijiti viwili vya kulala, juu na chini, ili isichanganywe na l. Mambo haya ni madogo kwa msomaji mzoefu, lakini ni makubwa kwa anayeanza.

Kwa watoto, mizaha na matangazo ya furaha, basi, hapakuwa na neno. Neno lilikuja herufi zilipovuka mpaka. Mwaka 1999, katika mji wa Indianapolis, Dave Combs na Holly Combs walikuwa na kazi ya kubuni maonyesho ya makumbusho ya watoto, wakaamriwa na mwajiri watumie Comic Sans. Kutokana na uchungu huo walianzisha kampeni iliyopata tovuti yake mwaka 2002, wakidai herufi hizo zipigwe marufuku. Dai lao lilikuwa na mzaha ndani yake, lakini hoja ilikuwa ya kweli: herufi ni sauti, na sauti ya mchezo mahali pa uzito ni kama mtu kuingia matangani akiwa amevaa nguo za ngoma. Maelfu ya watu waliwaunga mkono, na kuicheka Comic Sans kukawa alama ya mtu ajuaye mambo ya ubunifu.

Kesi tatu zilizojulikana ulimwenguni zafaa kupimwa, kwa maana hazifanani ingawa zilichekwa sawasawa.

Ya kwanza ni ya Julai 2010. Mchezaji wa mpira wa kikapu LeBron James alitangaza kwamba anaiacha timu ya Cleveland Cavaliers, na mwenye timu, Dan Gilbert, akatoa barua ya wazi yenye hasira kali na shutuma. Barua hiyo iliandikwa kwa Comic Sans. Hapa wachekaji walikuwa na haki. Neno lilikuwa la ghadhabu na vazi lilikuwa la kicheko. Msomaji alisikia sauti mbili katika kinywa kimoja, na ile nyepesi ikaizidi nguvu ile nzito.

Ya pili ni ya tarehe 4 Julai 2012. Katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, wanasayansi walitangaza kuonekana kwa chembe waliyoitafuta kwa miaka karibu hamsini, chembe ya Higgs. Fabiola Gianotti, msemaji wa jopo la ATLAS, alieleza matokeo kwa slaidi zilizoandikwa kwa Comic Sans. Mara watu wengi mitandaoni wakaacha kusema juu ya chembe wakasema juu ya herufi. Hapa kicheko kilipotea njia. Slaidi si kitabu wala hukumu. Ni msaada wa mtu anayesema mbele ya wenzake, na mfano wa mkono haukupingana na kazi hiyo. Tena ukweli wa hesabu haukupungua hata chembe moja. Kama pana aliyeaibika siku hiyo, si msemaji, bali ni mtazamaji aliyeonyeshwa siri ya maumbile akaitazama kalamu. CERN yenyewe ililipokea jambo kwa ucheshi: tarehe 1 Aprili 2014 ilitangaza kwa utani kwamba maandishi yake yote sasa yatakuwa ya Comic Sans.

Ya tatu ni ya mwaka 2013, Papa Benedikto wa Kumi na Sita alipojiuzulu. Vatikani ilitoa albamu ya picha za utumishi wake, na maneno yaliyofuatana na picha yakawa ya Comic Sans. Kesi hii iko katikati ya hizo mbili. Albamu ya picha ni kitu cha nyumbani, na mwandiko wa mkono humo ni desturi ya kila jamaa. Lakini mwenye albamu hakuwa baba wa nyumba moja, na kiti alichokiacha ni cha enzi. Aliyechagua herufi alitaka upendo uonekane, akasahau cheo; aliyecheka alikumbuka cheo, akausahau upendo.

Kutokana na kesi hizi yaonekana kwamba lawama ya jumla haisimami. Lakini pana kasoro moja ya kweli, nayo si ile iliyotajwa sana. Mwandiko wa mtu haurudii umbo lake: a ya asubuhi si a ya jioni, wala mkono wenye huzuni si mkono wenye furaha. Gutenberg alilijua hilo, akachonga sura nyingi za herufi moja. Comic Sans ina a moja tu, na a hiyo ni ile ile katika mamilioni ya karatasi. Ni mwandiko usio na mwandishi. Ni mkono wa kila mtu, kwa hiyo si mkono wa mtu. Ukiwa mbwa wa katuni ndiye anayesema, hakuna hasara. Lakini mtu anapotaka kusema neno linalotoka moyoni mwake, kama pole au msamaha, huazima hapo ukaribu usio wake, na msomaji huhisi kuazimwa huko hata asipojua kulitaja. Hati imebaki na sura ya mkono bila ushahidi wa mkono.

Kasoro hiyo, hata hivyo, haielezi ukali wa chuki. Brush Script na Mistral zina kasoro iyo hiyo, wala hazikuundiwa kampeni kama hii. Tofauti ni bawabu. Kompyuta ilipoingia nyumbani, makasha ya mpiga chapa yalifunguliwa kwa umma wote, na kazi ya kuchagua herufi, iliyokuwa elimu ya watu wachache waliofunzwa kwa miaka, ikawa haki ya kila mwenye kibodi. Umma ulichagua kama unavyochagua siku zote, kwa kupenda. Mafundi waliona elimu yao imerukwa, na Comic Sans ikawa kofi lililowakumbusha jambo hilo kila walipopita penye ubao wa matangazo. Katika chuki hiyo, basi, mna vitu viwili vilivyofungwa pamoja: ulinzi wa adabu, ambao ni wa haki, na wivu wa chama cha mafundi, ambao ni wa kibinadamu lakini si wa haki. Mwanafunzi wa historia hana budi kuvitenganisha. Connare mwenyewe amevitenganisha kwa mzaha, aliposema kwamba anayeipenda sana Comic Sans hajui mengi juu ya elimu ya herufi, na anayeichukia sana naye hajui.

Wakati wachekaji wakicheka, herufi hizo ziliendelea kuwafaa wengine. Chama cha disleksia cha Uingereza, British Dyslexia Association, katika mwongozo wake huitaja Comic Sans pamoja na Arial miongoni mwa herufi zinazofaa watu wenye ugumu wa kusoma, kwa kuwa hazisongamani. Kwa upande mwingine, mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na mwenzao wa Indiana walizitumia kama mfano wa herufi ngumu, zilizopigwa kwa rangi ya kijivu, wakakuta kwamba wanafunzi waliyakumbuka zaidi mambo waliyoyasoma kwa taabu. Majaribio mengi ya watu wengine yaliyofuata hayakupata matokeo hayo. Herufi ile ile imeitwa nyepesi hapa na ngumu pale. Hili lisimshangaze msomaji. Wepesi wa kusoma haumo katika herufi peke yake. Umo pia katika macho yanayosoma na mazoea yake, na katika wino na karatasi.

Joto la ugomvi lilipungua kadiri miaka ilivyopita. Mwaka 2014 mbunifu Craig Rozynski alitoa Comic Neue, iliyojaribu kuzinyoosha herufi za Connare bila kuziondolea tabasamu. Mwaka 2019 kina Combs wenyewe waliigeuza kampeni yao: badala ya kusema zipigwe marufuku, wakasema zitumiwe. Nao Comic Sans ilikuwa imekwisha kuwahudumia watoto, walimu, wanasayansi na wakuu wa dini. Granjon alianza na ufalme akaishia na mtoto. Connare alianza na mtoto, au kwa usahihi zaidi na mbwa wa mtoto, akafika penye enzi. Katika safari zote mbili aliyeamua njia si mchongaji wala chama cha mafundi, bali ni watu waliohitaji herufi ya kusemea, wakaitwaa iliyokuwa karibu.

Kwa mwanafunzi anayeandaa kitabu, tangazo au waraka, jambo la kushika ni lile lililomsumbua Connare mbele ya mbwa Rover: nani anasema, anamwambia nani, na katika saa gani. Anayejiuliza maswali hayo hatapeleka herufi za mchezo katika hukumu ya mahakama, wala hatampa mtoto wa darasa la kwanza herufi za hukumu. Naye asiyejiuliza atakosea hata akipewa herufi zilizosifiwa kuliko zote. Maana Times New Roman, yenye heshima zake zote, ilikuwa kosa katika kinywa cha mbwa.